Harry Thuku: Mwana wa Kambui aliyeipinga alama ya kidole iliyoning'inia shingoni

KOLWEZI – Kompyuta ya mezani haikubali kufunguliwa kwa kidole hivi hivi. Kwanza mwenyewe anatakiwa kuweka namba ya siri. Kisha anachomeka kifaa kidogo cha kusoma alama za vidole, anaingia kwenye mipangilio ya mashine, na kuambiwa aguse, ainue kidole, aguse tena, ageuze upande kidogo, mpaka mashine itosheke. Dakika mbili au tatu zinatosha. Kuanzia hapo karani, mhasibu wa duka au mhandisi wa mgodi hana haja ya kuandika nywila ndefu kila asubuhi.

Katika mji huu wa shaba na kobalti, kidole kilikuwa kitambulisho kabla hakijawa ufunguo wa kompyuta. Tangu uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2005, Wakongomani wamekuwa wakiweka vidole kwenye mashine za tume ya uchaguzi, na zoezi hilo lilirudiwa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023. Kwa kuwa nchi ilikaa miongo mingi bila kutoa kadi za uraia, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoonyeshwa benki, barabarani na ofisini.

Wanaoulizwa kidole ni wengi. Wanaouliza kidole hicho kinakwenda wapi ni wachache. Nani anaitunza alama? Inaweza kutumika kwa jambo jingine? Mwenyewe akitaka kuiondoa, ataweza?

Maswali hayo yana zaidi ya miaka mia moja katika Afrika Mashariki. Mmoja wa watu wa kwanza kuyasema hadharani hakuwa fundi wala mwanasheria. Alikuwa mpokea simu wa serikali jijini Nairobi, kijana wa miaka 26, na ujasiri wake ulimgharimu karibu miaka tisa ya uhamisho. Jina lake Harry Thuku.

Mtoto wa Kambui

Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, katika nchi ya Wakikuyu kaskazini ya Nairobi ya leo. Ulikuwa mwaka ambao Uingereza ilitangaza eneo hilo kuwa chini ya himaya yake. Akiwa bado mdogo aliona reli ikipita, walowezi wakichukua ardhi, na wamisionari wakijenga shule.

Alisoma kwa wamisionari wa Gospel Missionary Society hapo Kambui. Huko alijifunza kusoma, kuandika na Kiingereza, elimu ambayo vijana wachache sana wa Kiafrika walikuwa nayo wakati ule.

Mwaka 1911 aliondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi. Mwaka huohuo, mbali upande wa kusini-magharibi, tanuru la kwanza la Union Minière du Haut-Katanga lilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi. Nchi mbili, wakoloni wawili, lakini shida ya mabwana ilikuwa moja: kupata mikono ya kufanya kazi. Waingereza waliitaka kwa mashamba ya kahawa na mkonge, Wabelgiji waliitaka kwa migodi. Kodi ndiyo iliyowasukuma wanaume kutoka vijijini, kwa sababu ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa mzungu.

Nairobi, Thuku alianza kama tarishi wa benki. Haukupita muda mrefu akapatikana na hatia katika kesi ya hundi ya kughushi, akafungwa miaka miwili. Alipotoka aliajiriwa katika gazeti la Leader of British East Africa, gazeti la walowezi. Kazi yake ilikuwa kwenye mitambo na kupanga herufi za kuchapa.

Kazi hiyo ilimpa shule ya pili. Kila alichopanga kwa mkono alikisoma: walowezi walivyolalamika juu ya wafanyakazi, walivyotaka sheria ziwe kali, walivyozungumza kuhusu Waafrika wakidhani Waafrika hawasomi. Mwaka 1918 alipata kazi ya kupokea simu katika hazina ya serikali. Alikuwa na mshahara mzuri kwa Mwafrika wa siku zile na angeweza kuishi kimya.

Sanduku la chuma shingoni

Wakati Thuku anajibu simu za hazina, serikali ilikuwa inatekeleza sheria ya kuandikisha Waafrika. Ilikuwa imepitishwa mwaka 1915 lakini ikacheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza. Ilianza kufanya kazi vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920.

Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kujiandikisha. Alipewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, eneo lake, alama ya kidole chake, na nafasi ya mwajiri kuandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara na tarehe ya kuondoka. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kijisanduku cha chuma, na kijisanduku kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Watu wakakiita kipande.

Kufikia mwisho wa 1920, vipande karibu 200,000 vilikuwa vimetolewa. Nakala za kumbukumbu zilitunzwa katika ofisi kuu jijini Nairobi.

Nguvu ya kipande haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa kwenye kidole. Jina mtu angeweza kulibadilisha: akitoroka shamba la mlowezi mkatili, angejiita jina jingine na kuomba kazi kwingine. Kidole hakibadiliki. Aliyetoroka angeweza kulinganishwa na kumbukumbu za Nairobi, akarudishwa au akashtakiwa. Na mfanyakazi hakuweza kuajiriwa mahali papya kama mwajiri wa zamani hajatia sahihi kwamba amemwachia. Sahihi ikikosekana, mtu alikuwa amefungwa bila pingu.

Ujuzi huo haukuanzia Kenya. Ulipikwa India, chini ya Waingereza haohao. Mwaka 1858 afisa William Herschel alimtaka mkandarasi wa Bengal atie alama ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Mwaka 1897 ofisi ya kwanza ya kumbukumbu za alama za vidole ilifunguliwa Calcutta, kwa mfumo uliobeba jina la Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal. Kutoka huko ukaenea London na makoloni mengine.

Upinzani nao ulikuwa umeanza kwingine. Huko Transvaal, Afrika Kusini, Mohandas Gandhi aliwaongoza Wahindi kupinga sheria iliyowalazimisha kujiandikisha kwa vidole, na mnamo Agosti 1908 vyeti vingi vilichomwa moto Johannesburg.

Kongo ya Wabelgiji nayo ilikuwa na karatasi zake. Mtu aliyetaka kutoka eneo la chifu wake kwa muda mrefu alitakiwa kuwa na ruhusa ya maandishi, na mwendo wake ukawekwa chini ya macho ya utawala. Aliyetembea bila karatasi alihesabiwa mkosaji hata kama hakuiba kitu.

Kenya, kipande kilikuwa na aibu yake ya pekee. Mzee mwenye wake, watoto na mifugo alitembea na kijisanduku shingoni, watu wakisema ni kama kengele ya mbuzi. Polisi yeyote angeweza kumsimamisha. Mzungu na Mhindi hawakuvaa. Alama ya kidole, ambayo kila binadamu anayo, ilikuwa imefanywa kuwa alama ya mtu mweusi peke yake.

Mpokea simu aanzisha chama

Mwaka 1921 mambo yaliungana. Bei za mazao ya walowezi zilishuka, nao wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ilikuwa tayari imepandishwa hadi shilingi 16. Wanawake na wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kuchuma kahawa. Na shingoni mwa wanaume kulikuwa na kipande.

Katikati ya mwaka huo, Thuku na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu. Muda mfupi baadaye kikawa East African Association, kwa sababu Thuku aliona mapema kwamba kipande hakiulizi kabila. Nairobi ilikuwa na wafanyakazi kutoka kila upande, wapishi, madobi, makarani, waendesha magari, na wote walipunguziwa mshahara siku moja. Chama kilichobeba jina la kabila moja kisingeweza kuwasemea.

Alipata pia marafiki miongoni mwa Wahindi, hasa Manilal Desai, mwanasiasa na mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Wahindi walikuwa na mgogoro wao na walowezi, na walikuwa na mitambo ya kuchapa. Kwa mtu aliyekuwa mpanga herufi, msaada huo ulikuwa na thamani kubwa. Karatasi za matangazo zikaanza kuzunguka.

Julai 1921 Thuku alituma simu ya maandishi moja kwa moja London, ikieleza malalamiko ya Waafrika: mishahara, kodi, kazi za lazima na kipande. Kwa kufanya hivyo aliwapita machifu, aliwapita wakuu wa wilaya, alimpita hata gavana. Machifu walioteuliwa na serikali walikasirika na kusema hawakumtuma.

Serikali ilimtaka achague kati ya kazi ya hazina na siasa. Alichagua siasa, akapoteza mshahara wake.

Miezi iliyofuata alizunguka Kiambu na sehemu nyingine za Wakikuyu, akihutubia mikutano iliyozidi kukua. Aliwaambia watu wasikubali kazi za lazima. Alizungumzia kuvikusanya vipande vyote na kwenda kuvitupa mbele ya nyumba ya gavana. Wanawake walimtungia nyimbo na kumpa jina la sifa la chifu wa wasichana, kwa kuwa alisema wazi kile ambacho wazee wengi walikinyamazia kuhusu mabinti waliopelekwa mashambani.

Kwa watawala, mtu huyo sasa alikuwa hatari. Mfumo wa kipande ulisimama kwa sababu kila mmoja alikivaa akiwa peke yake. Kama maelfu wangekivua siku moja, magereza yasingewatosha.

Machi 1922

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 na kuwekwa katika kituo cha polisi jijini Nairobi. Habari zilienea usiku huohuo. Wafanyakazi waligoma. Wapishi waliacha majiko ya mabwana, madereva waliacha magari, na umati ukakusanyika nje ya kituo. Siku iliyofuata uliongezeka, na wengi walilala palepale.

Tarehe 16 wajumbe wa umati waliingia kuzungumza na viongozi wa serikali. Waliporudi waliwaomba watu watawanyike, wakieleza kwamba Thuku atasikilizwa. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza. Kwa desturi za Kikuyu, mwanamke mtu mzima akiinua nguo yake mbele ya wanaume amewalaani na kuwavua uanaume wao. Nyanjiru alifanya hivyo, akawataka wanaume wampe suruali zao kama wanaogopa. Wanawake wengine wakapiga vigelegele. Umati ukarudi na kusonga mbele kuelekea mlangoni.

Askari wakafyatua risasi. Simulizi za siku hiyo zinaeleza kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza la hoteli ya Norfolk, jirani na hapo, nao walipiga risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa watu 21, wakiwemo wanawake. Waafrika waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi, iliyopita 50.

Katanga ina kumbukumbu inayofanana. Desemba 1941, huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai mishahara. Kama Nairobi, waliokufa hawakuwa na silaha.

Uhamishoni

Thuku hakufikishwa mahakamani. Aliondolewa Nairobi na kupelekwa Kismayu, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza. Jimbo hilo lilipokabidhiwa kwa Waitalia, ilibidi ahamishwe. Alipitia Lamu na Witu, kisha akapelekwa Marsabit, kaskazini kabisa, mahali ambapo barua kutoka Kiambu ilichukua siku nyingi kufika.

Chama chake kilipigwa marufuku. Kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12, ishara kwamba watawala walisikia sehemu ya kilio. Lakini kipande kilibaki. Serikali ingeweza kukubali fedha kidogo zaidi, haikukubali kupoteza kumbukumbu zake za vidole.

Wenzake waliunda Kikuyu Central Association, ambayo baadaye ilimwajiri Jomo Kenyatta kuwa katibu wake. Jina la Thuku liliendelea kutajwa katika mikutano, na kuachiliwa kwake likawa moja ya madai ya chama. Mwanzoni mwa 1931 alikuwa tena nyumbani Kiambu, mtu wa miaka 35.

Shujaa aliyebadilika

Walioisubiri sauti ya mwaka 1922 hawakuipata. Thuku aliyerudi alikuwa mtulivu, aliyeamini maombi ya kisheria kuliko mikutano ya hasira. Mwaka 1932 alichaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association, lakini chama kiligawanyika, na mwaka 1935 akaanzisha kingine, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kufuata sheria na kuwa mtiifu kwa serikali.

Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Union, chama cha Waafrika wa nchi nzima, lakini hakukaa muda mrefu. Vita vya Mau Mau vilipoanza, Thuku alisimama upande wa wanaovipinga na alitangaza msimamo huo redioni. Vijana walioimbiwa jina lake utotoni walimwona kama msaliti.

Kwa nini alibadilika? Wapo wanaotaja upweke wa Marsabit. Wapo wanaotaja damu ya Machi 1922, ambayo mtu mwenye dhamiri hawezi kuisahau. Wengine husema alikuwa vilevile siku zote, mtu aliyeamini barua na hoja, na kwamba umati ndio uliomfanya mwanamapinduzi.

Alijikita katika kilimo cha kahawa, zao ambalo Waafrika walikuwa wamezuiwa kwa muda mrefu kulilima. Mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Mtu aliyepigania wasichana wasichume kahawa ya wengine kwa nguvu alimaliza maisha akiuza kahawa yake mwenyewe. Aliiona Kenya ikipata uhuru mwaka 1963. Alifariki tarehe 14 Juni 1970, mwaka ambao kitabu cha maisha yake kilitoka.

Walipoombwa vidole walowezi

Kipande chenyewe kilikufa kabla yake, na kifo chake kina funzo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waafrika walizidi kudai kifutwe. Mwaka 1947 serikali ilipitisha sheria mpya: badala ya kuwaandikisha Waafrika peke yao, itaandikisha watu wa rangi zote, na wote watatoa alama za vidole. Ilionekana kuwa haki.

Walowezi walikataa. Walisema kumtaka mtu mwenye heshima zake atie kidole kwenye wino ni kumfanya mhalifu. Waliandaa mikutano, wakaandika magazetini, mpaka serikali ikaunda tume ya kuchunguza jambo hilo. Mwishowe ilipendekezwa kwamba mtu anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aruhusiwe kutumia sahihi na picha badala ya vidole.

Kwa maneno mengine, walowezi waliyarudia malalamiko ya Thuku karibu yote. Tofauti ni kwamba wao walisikilizwa bila mtu kupigwa risasi.

Maswali ya Kolwezi

Kati ya kijisanduku cha chuma na kifaa kidogo cha kusoma vidole kuna safari ndefu, lakini si vibaya kuvilinganisha.

Kwenye kompyuta binafsi, mwenye kidole ndiye mwenye amri. Katika mifumo ya kisasa kama Windows Hello ya Microsoft, mashine haitunzi picha ya kidole. Inatunza maelezo ya kihesabu ya mistari yake, na maelezo hayo hubaki ndani ya kompyuta hiyo. Mtu akichoka nayo anaingia kwenye mipangilio na kuyafuta. Akipenda anatumia namba ya siri pekee. Hakuna anayemkamata.

Kwa mkoa kama Lualaba kuna jambo jingine la kuzingatia. Mikono inayoshika mawe, saruji au kemikali kila siku hulika ncha za vidole, na kifaa hushindwa kuzisoma. Kwa hiyo ni busara kuandikisha vidole viwili au vitatu vya mikono yote miwili, na kutoisahau namba ya siri. Ngozi ikipumzika, mistari hurudi ilivyokuwa.

Mashine ya kuhesabu mahudhurio kwenye lango la kazi ni jambo tofauti. Hapo alama haikai kwa mwenyewe. Inakaa kwa mwajiri, au kwa kampuni iliyomuuzia mwajiri mtambo. Mfanyakazi akiacha kazi, kidole chake kinaweza kubaki nyuma. Nywila iliyoibwa hubadilishwa kwa dakika moja, kidole kilichoibwa hakibadilishwi.

Kongo sasa ina sheria ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, ambayo imeweka kanuni za kulinda taarifa binafsi. Inampa mfanyakazi mahali pa kuanzia: kuuliza kabla ya kuweka kidole ni kwa kazi gani, kitatunzwa wapi, kwa muda gani, nani anaweza kukiona, na kama kuna njia nyingine kwa asiyetaka au ambaye kidole chake hakisomeki.

Kuuliza hivyo si kuchukia teknolojia. Thuku mwenyewe aliishi kwa teknolojia za wakati wake. Alipanga herufi za gazeti, akapokea simu za serikali, na ilikuwa simu ya maandishi iliyobeba malalamiko yake mpaka London. Hakuigombea mashine. Alichogomba ni alama ya mtu kushikwa na mwingine, kutumika dhidi yake, bila nafasi ya kukataa.

Leo barabara inayopita mbele ya hoteli ya Norfolk jijini Nairobi inaitwa Harry Thuku Road. Kwenye barabara hiyo wanapita wanafunzi wa chuo kikuu, simu mkononi, wakizifungua kwa kugusa kidole. Wanaweza kufanya hivyo bila woga kwa sababu simu ni zao, na ruhusa ya kuzifunga wanayo wao.